Viganja vya Mama Cherono

Nduta alikwenda kwa sababu ya bega. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu walimsifu kwa ujasiri wa moyo na mambo mengine makubwa makubwa, na siku ile hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa na bega la kulia lililokataa kumruhusu ainue mkono. Alikuwa fundi wa sare za shule pale mtaani Munyaka, na fundi asiyeweza kufikia kitambaa kwenye rafu ya juu ni fundi nusu. Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa ni mzima, wakampa dawa ya kuchua. Alijichua mpaka sare za watoto zikaanza kunuka dawa.

Kwa hiyo Pastor Jeconia alipotangaza kanisani kwamba kuna msichana msomi anayeleta mazoezi ya mwili ya kuponya jamii, na ni bure, Nduta alisikia maneno mawili tu: mwili na kuponya. Lile la tatu, jamii, lilimpita juu ya kichwa. Akaandikisha jina.

Jumamosi asubuhi yeye na wenzake walishushwa ukingoni mwa msitu wa Kaptagat. Nduta alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya binti yake Wanja, iliyombana mahali ambapo mama wa umri wake hapendi kubanwa. Alitegemea kukuta mkeka, labda na mtu aliyevaa koti jeupe. Alikuta kijito, miti mirefu ya saiprasi, baridi ya kung'ata masikio, na msichana mwembamba aliyeitwa Chepkirui akihangaika kusimamisha kamera ya miguu mitatu ng'ambo ya maji.

"Leo hakuna step ya kufundishwa," Chepkirui alisema alipomaliza. "Kila mtu atasikiza mwili wake. Mwili ukitaka kusimama, simama. Ukitaka kulala, lala. Msijiforce. Mimi nitachukua video ya miti, ya maji, na yenu. Halafu nitaziweka pamoja tuone."

"Tuone nini?" aliuliza Mzee Thuo, mkulima wa viazi aliyestaafu, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka.

"Sijui bado, Mzee. Ndio tutaona."

Nduta alimtazama yule msichana akidhani anatania, lakini hakuwa anatania. Alirudi nyuma ya kamera yake na kungoja, na wao wakabaki wamesimama kwenye nyasi zenye umande kama watu waliosahauliwa. Hapakuwa na muziki wala maombi ya kufungua. Semina gani hii isiyofunguliwa kwa maombi?

Watu wazima wakiachiwa uhuru wasioujua hukimbilia kile walichofundishwa utotoni. Bila kuambiwa na mtu, walijipanga mistari miwili na kuanza mazoezi ya shule ya msingi: mikono juu, mikono kando, gusa vidole vya miguu. Mzee Thuo akawa anahesabu kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Kundi la wanariadha lilipita barabarani likikimbia, na mmoja wao aligeuza shingo kuwaangalia hadi akajikwaa. Chepkirui hakuwakatiza. Aliwaacha mpaka wakachoka na kuona haya, mistari ikavunjika yenyewe.

Nduta alikuwa ndio kwanza anapumua alipoona watu wengine wakiteremka kutoka barabarani, kundi la pili, waliochelewa. Walitoka upande wa Ainabkoi. Katikati yao alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga leso juu ya sweta, anayetembea kwa hatua pana za mtu aliyezoea mteremko. Hapo ndipo lile neno jamii lilipomrudia Nduta, na likamrudia vibaya.

Alikuwa Jepkosgei, Mama Cherono.

Zamani walikuwa majirani kule Ainabkoi, mashamba yao yametenganishwa na ua wa miiba ya kaiyaba wenye pengo moja ambalo hakuna aliyetaka kuliziba. Kupitia pengo hilo maziwa yalikuja upande huu na viazi vikaenda upande ule. Ng'ombe nao walipita. Wakiingia kwenye kabichi za Nduta, Jepkosgei alikuwa akija mbio bila fimbo, maana baba yake alimkataza kumpiga ng'ombe wa maziwa, na kuwatoa kwa mikono mitupu huku Nduta akilalamika na kucheka kwa wakati mmoja. Binti zao walizaliwa mwaka mmoja. Mama Wanja na Mama Cherono: hata majina hayo walianza kuitana wao wawili kabla mtu mwingine hajawaita.

Kisha ikaja Januari ile ya baada ya uchaguzi, nyumba za watu waliohamia kutoka Mkoa wa Kati, watu kama yeye, zikaanza kuchomwa. Asubuhi hiyo Nduta alitoka jikoni na beseni la maji machafu, akamwona Jepkosgei amesimama penye pengo la ua, amempa mgongo, anatazama barabara. Barabarani walikuwa vijana wengi, na nyuma yao moshi. Na Jepkosgei alikuwa ameinua mikono yote miwili, anaipunga polepole, kama mtu anayewaonyesha wageni nyumba yenye harusi. Vijana wakaja. Nduta alitupa beseni, akamshika Wanja mkono, akamwita Mungai, mume wake, wakakimbia na nguo za mwilini. Nyumba ikawa majivu. Mungai hakuuawa na mtu. Alikufa kwa kifua baadaye, ndani ya hema la wakimbizi, mvua ikinyesha, na hakuna mahakama ya kuishtaki mvua.

Tangu hapo Nduta aliishi na swali moja ambalo hakulisema hata kwa Wanja. Ile mikono ilikuwa inasema nini? Siku nyingi alijua jibu: ilisema njooni, ni hapa. Siku nyingine, hasa akiwa na homa, jibu lilimteleza, akakumbuka maziwa, akakumbuka kabichi, akaona haiwezekani. Lakini vijana si walikuja? Wangekuja vipi moja kwa moja hadi mlangoni kama hakuna aliyewaonyesha? Hapo ndipo kila mara alipoishia.

Angeondoka msituni dakika ileile, lakini gari la kanisa lilikuwa limekwenda kutafuta mafuta. Jepkosgei alimwona, akainamisha kichwa kidogo, salamu ya nusu. Nduta akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kisha akaenda kusimama nyuma kabisa, mbali, chini ya mti, mahali ambapo mtu hawezi kumkaribia bila kuonekana.

"Fungeni macho mkitaka," Chepkirui alisema. "Mikono ikitaka kuenda, iache iende."

Maji yalisikika, na upepo kwenye saiprasi. Mzee Thuo alisikiliza mwili wake, mwili ukamwambia alale, naye akalala chini kwenye majani makavu akaanza kukoroma. Chepkirui alielekeza kamera kwake kwa heshima zote. Mama mmoja alikuwa anayumba kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Mwingine alikuwa analia tu, taratibu, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Nduta alifumba macho akatafuta mwili wake unasema nini. Ulisema baridi, ukasema suruali inabana. Akafumbua macho akiwa amekasirika.

Na mbele yake, amempa mgongo, Jepkosgei alikuwa ameinua mikono yote miwili na anaipunga polepole.

Ulikuwa mgongo uleule. Leso ilikuwa nyingine na nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini mgongo ulikuwa uleule, na mikono ileile iliyopanda na kushuka bila haraka. Bega la Nduta lilikaza kama limefungwa kwa skrubu. Miguu yake haikumngoja aamue. Ilimpandisha mteremko hadi barabarani, na alikaa huko juu ya jiwe mpaka gari liliporudi. Chepkirui angefurahi kujua kwamba kwa siku nzima huo ndio uliokuwa mwendo wa kwanza wa Nduta uliotoka ndani kweli.

Aliapa kwamba harudi tena kwenye upuuzi ule. Shida ni kwamba asubuhi kabla ya kuanza, akiwa hajajua lolote, Chepkirui alikuwa ameuliza nani anaweza kuunganisha mashuka mawili meupe yawe kitambaa kimoja kikubwa cha kuonyeshea video, na mdomo wa Nduta, ambao ni mdomo wa biashara, ulijibu mimi. Sasa mashuka yalikuwa mezani kwake. Aliyashona Jumapili alfajiri kwa hasira, mshono wa kati umenyooka mno. Hasira haijawahi kumharibia mshono.

Alasiri aliyapeleka ukumbini kanisani akinuia kuyakabidhi na kwenda zake. Akina mama walikuwa wametundika blanketi zao za nyumbani kwenye madirisha ili giza liingie, maua na simba na tausi wamening'inia kila upande. Pastor Jeconia alikuwa anahangaika na waya wa projekta. Kitambaa kilipotundikwa, msumari mmoja ukang'oka, kona ikaanguka.

"Fundi, hebu shika hapo," Pastor alisema. "Kidogo tu."

Angekataaje? Aliishika kona kwa mkono wa kushoto, akabaki amesimama ubavuni mwa kitambaa, pua karibu iguse shuka. Watu wa Munyaka walikaa upande mmoja wa ukumbi na wa Ainabkoi upande mwingine, bila mtu kuwapanga. Taa zikazimwa.

Kutoka pale aliposimama Nduta aliona vipande vipande tu. Aliona ukijani unaotikisika, kisha mng'aro wa maji. Watu wakacheka, akajua ni Mzee Thuo amelala, na maji yanampita kifuani kana kwamba ni jiwe la kijito.

"Huyo ni mimi?" sauti ya Thuo ikauliza gizani. "Nimezeeka hivyo?"

"Umetulia, Mzee," Chepkirui akamjibu.

Kisha kitu kikubwa cheupe kikaja kikaupita uso wa Nduta. Kilirudi nyuma, kikaja tena. Alirudisha kichwa ili akione vizuri. Kilikuwa kiganja cha mkono, kikubwa kuliko yeye, mistari yake inaonekana, na kijito kinatiririka ndani yake. Kiganja cha pili kilikuwa upande wa pili wa mshono wake. Na kati ya viganja hivyo, juu ya mshono kabisa, palikuwa na uso wa Jepkosgei, macho yamefumbwa.

Kamera ilikuwa ng'ambo ya maji. Ilimchukua kwa mbele.

Viganja vilikuwa vimefunguka kuelekea mbele. Vilisukuma hewa, vikangoja. Vikasukuma tena, vikangoja, na mabega yakasogea mbele kidogo, bila papara, kwa namna ya mtu asiyetaka kumshtua mnyama. Nduta aliufahamu mwendo huo kabla hajaufikiria. Alikuwa ameuona mara nyingi mno, akiwa katikati ya kabichi zake zilizoliwa, analalamika na kucheka. Hivyo ndivyo Jepkosgei alivyorudisha ng'ombe.

Kona ya kitambaa ikamtoka mkononi. Picha ikajikunja, uso wa Jepkosgei ukaanguka sakafuni pamoja na msitu, watu wakanung'unika. Nduta alitafuta mlango, akagonga benchi, akatoka nje.

Ungedhani alifurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alikasirika, na hakujua anamkasirikia nani. Chuki ile aliizoea kama cherehani yake, aliamka nayo, alijua inakwama wapi na inapita wapi, na sasa mtu amekuja kuibeba bila hata kubisha hodi. Halafu akajiuliza, na je, kama ni ng'ombe tu? Kama mama wa watu alikuwa msituni anawaza ng'ombe wake, na video haijui Januari wala Februari? Kitambaa kilikuwa chake na mshono ulikuwa wake, na bado hakujua kilichosemwa juu yake. Alisimama kando ya tangi la maji la kanisa, kichwa kimejaa, akiwa hajui hata aende nyumbani kwa njia gani.

Mlango ukafunguliwa. Jepkosgei alitoka na vikombe viwili vya chai.

"Mama Wanja. Umeangusha shuka."

"Mkono umechoka."

"Ni ya huko ndani wanagawa. Shika."

Nduta hakushika. "Mama Cherono, wacha nikuulize kitu. Pale kwa video ulikuwa unafanya nini?"

"Sijui. Huyu msichana alisema tuache mikono iende. Nikaacha."

"Ulikuwa unarudisha ng'ombe."

Jepkosgei alifikiri. "Inaweza kuwa."

"Na ile siku? Pale kwa ua?"

Jepkosgei aliinama akaweka vikombe vyote viwili kwenye saruji ya tangi, polepole, kama vimejaa kupita kiasi. "Si uliniona?" alisema.

"Nilikuona mgongo."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu."

Ndani watu walicheka tena, pengine kipande cha Mzee Thuo kimerudiwa. Jepkosgei alikuwa anamtazama Nduta kama mtu anayesoma bango kwa mbali.

"Mimi nilijua umeona," alisema mwishowe. "Nilitupa jicho nyuma nikapata unaniangalia, na hiyo beseni yako. Nikasema, sawa, ameona, anajua. Halafu mkaenda. Hata salamu hukutuma. Baba Wanja alikufa nikasikia kwa watu wa soko. Nimekukasirikia, Mama Wanja. Hii miaka yote nimekukasirikia sana."

Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa ua nako kulikuwa na mtu anayekasirika.

"Nilikuwa nawarudisha," Jepkosgei aliendelea. "Sikuwa na kitu ingine kwa mkono. Kijana ya ndugu yangu alikuwa hapo mbele, huyo nimembeba na huu mgongo. Nikasema akiona ni mimi atarudi, na akirudi hao wengine watarudi. Wakanipita hivi, kando kando. Hakuna mwenye alinigusa, hakuna mwenye aliniangalia. Ng'ombe hurudi. Hao hawakurudi."

"Na kama hungesimama hapo," Nduta alisema, na sauti yake ilikuwa mbaya, aliisikia mwenyewe, "wangejua nyumba ni gani?"

"Hiyo pia nimejiuliza."

"Na?"

"Sijui, Mama Wanja. Mpaka leo sijui."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nduta alikuja na swali moja, sasa alikuwa nayo mawili, na moja lilikuwa la mwenzake. Neno asante lilimjia, likaona aibu. Pole nayo ikaja. Alimwamini? Alimwamini. Dakika iliyofuata hakumwamini, kisha akamwamini tena. Watu walikuwa wameanza kutoka ukumbini na vikombe vyao, wakasimama barazani bila kuelewa kwa nini wale wawili wamesimama hivyo. Pastor Jeconia alikuwa na chupa ya chai mkononi, hajui amwongeze nani.

"Fanya tena," Nduta alisema.

"Nini?"

"Ile ya mikono."

"Hapa? Watu wanaona."

"Waone."

Jepkosgei akapangusa viganja kwenye leso. Aligeuka akatazama lango la kanisa. Kisha mikono ikapanda. Nduta alikuwa nyuma yake, mahali pake pa siku zote, na kutoka pale, hata baada ya yote aliyoyaona na kuambiwa, ilikuwa bado ni mikono ya mtu anayeita.

Akazunguka. Alipita kando ya tangi, akapita kando ya Jepkosgei, akaenda kusimama mbele yake, pale ambapo siku ile walisimama wale vijana. Hakupapenda. Akanyanyua uso.

Viganja vilimkabili, vimepasuka kwa kazi. Macho ya Jepkosgei hayakuwa yanamwona. Viganja vilisukuma, vikangoja. Na magoti ya Nduta yakaelewa. Alirudi nyuma hatua moja. Viganja vikasukuma, akarudi nyingine, na nyingine, kwenye nyasi za kanisa, mbele ya Pastor na chupa yake, mpaka mgongo wake ukagusa lango.

Jepkosgei aliacha mikono hewani. Alimtazama Nduta, akatazama nafasi tupu iliyokuwa kati yao.

"Umerudi," alisema.

Akakaa chini palepale, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akalia kwa sauti ambayo watu wa Ainabkoi hawakuwahi kumsikia nayo. Nduta alibaki langoni. Bega lilikuwa linauma kama kawaida, na hakujua kama amesamehe, au amesamehewa, au kama kuna kitu cha kusamehewa. Alijua tu kwamba mikono ilikuwa imeshuka. Alingoja kidogo, ili awe na hakika, kisha akaenda kukaa kando yake.